Akili ya Chandarua



Siku hizi kila kitu kina akili. Simu ni janja, saa ni janja, luninga ni janja, na sasa tunaambiwa hata malighafi ina akili. Kuna kioo cha miwani chenye chembe za madini ya fedha ndani yake: mtu akitoka juani kinajitia weusi, akiingia ndani kinarudi cheupe. Kuna waya wa nikeli na titani ambao ukiupinda na kuutia joto, unarudia umbo lake la kwanza. Madaktari wa meno huutumia kunyooshea meno. Na juu ya mapaa mengi ya Katavi kuna silikoni inayogeuza mwanga wa jua kuwa umeme wa kuchajia simu na kuwasha taa moja ya sebuleni.

Sisi mafrateri tunaosoma falsafa, tukisikia neno "akili" linazungushwa hivyo, masikio yanasimama. Lakini miwani na meno tuwaachie wenye navyo. Malighafi ya akili ambayo hapa Ilembo, ndani ya Manispaa ya Mpanda, karibu kila mtu ameigusa kwa mkono wake imefungwa kwa kamba kwenye misumari minne juu ya kitanda. Ni chandarua.

Wazee wetu wanakumbuka neti za zamani. Unainunua, unaichovya kwenye beseni la dawa, unaianika, na baada ya miezi sita unatakiwa kurudia. Wengi hawakurudia, na neti ikabaki kitambaa tu. Kilichobadilisha mambo ni wazo moja: badala ya kupaka dawa juu ya uzi, iwekwe ndani ya uzi. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua hivyo kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani. Plastiki ya poliethilini inayeyushwa, dawa ya permethrini inachanganywa humo, ndipo uzi unavutwa. Dawa inakaa ndani kama akiba, na ile ya juu ikipungua kwa kufuliwa na kushikwashikwa, nyingine inapanda taratibu kutoka ndani kuchukua nafasi yake. Anayesaga karanga na kuacha bakuli mezani ameshaona mafuta yakipanda juu yenyewe. Ni jambo la namna hiyo. Na kwa kuwa dawa inafanya kazi mbu anapotua tu kwa miguu yake, matundu ya chandarua yaliweza kufanywa makubwa kidogo ili hewa ipite. Anayelala Mpanda mwezi wa Oktoba anajua thamani ya hilo.

Shirika la Afya Duniani linataka chandarua cha namna hii kiendelee kufanya kazi hata baada ya kufuliwa mara 20, na kidumu kama miaka mitatu. Mama mjamzito anapewa chake kliniki, na mtoto anapata chake akipelekwa chanjo ya surua.

Je, chandarua hiki kina akili? Darasani tunafundishwa na Aristotle kwamba kila kitu ni maada na umbo, na kwamba hukijui kitu mpaka ujue kimekusudiwa nini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye, katika njia yake ya tano ya kuonesha kwamba Mungu yupo, anasema vitu visivyo na ujuzi huelekea kusudi lake kama mshale unavyoelekea shabaha: mshale haujui unakokwenda, anayejua ni mpiga upinde. Kwa hiyo uzi wa permethrini hauna akili hata chembe. Akili ni ya yule aliyefikiri namna ya kuuchanganya, na ni ya yule anayeutundika juu ya mtoto jioni. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingine, maana kwetu ujanja, akili na hekima ni vitu vitatu tofauti, na hakuna mama atakayekubali kuambiwa mwanawe "mjanja" akadhani amesifiwa moja kwa moja.

Tunayasema haya kwa sababu mpiga upinde wa kwanza, yule wa kiwandani, alilenga shabaha moja tu: usiku wa kitanda. Mshale ukishatua, maisha ya uzi yanaendelea. Pita Ilembo uone. Chandarua kilichochakaa kimezungushiwa bustani ya mchicha. Kimefunika vifaranga wasichukuliwe na mwewe. Kimesokotwa kuwa kamba ya kufungia magunia ya mahindi. Na ukisafiri hadi ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Karema au Ikola, utasikia habari za kilichoshonwa na vingine kikawa wavu wa kukokota kando ya maji.

Hapo ndipo mahubiri na matangazo yetu mara nyingi yanakosea, kwa maoni yetu. Yanaweka yote katika kapu moja na kuyaita ujinga. Mama anayekinga mchicha wake kwa chandarua kilichotoboka hadi mtu anapitisha kichwa hana ujinga wowote. Amekipa kitu kilichokwisha kazi yake kazi nyingine. Tumwache. Lililo baya ni kuchukua kizima, kilichotolewa kwa ajili ya mtoto wa chini ya miaka mitano, na kukipeleka bustanini. Na lililo baya zaidi ni kukipeleka majini, kiwe kizima au kichakavu.

Permethrini ni sumu kwa samaki na kwa vijidudu wanaoliwa na samaki. Matundu yale yaliyotengenezwa kumzuia mbu hayamwachi hata mtoto wa mgebuka apite. Ziwa Tanganyika limechoka kiasi kwamba mwaka 2024 serikali ililifunga kwa uvuvi miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Nyumba ileile ambayo chandarua kiliilinda usiku, kinaiibia dagaa wa mwakani mchana. Lakini nani amewahi kukaa na mvuvi akamwuliza wavu halali unauzwaje na yeye ana shilingi ngapi? Kumwita mharibifu wa uumbaji kabla ya kumwuliza hivyo ni rahisi mno, na sisi tunaokula chakula cha seminari bila kujua bei yake tunapaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo.

Tarehe 1 Juni 2019 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na tulifanya vizuri. Chandarua nacho ni plastiki. Kinafanya kazi miaka mitatu, uzi wake unabaki miaka mingi baada ya hapo. Kukichoma uani kunatoa moshi usiofaa kuvutwa, kukitupa mtoni tumeshasema. Basi kipelekwe wapi? Familia inapopewa kipya, mara ngapi inaambiwa cha zamani kifanyweje? Hayati Baba Mtakatifu Fransisko katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015 alionya juu ya ustadi unaotatua jambo moja kwa macho yaliyofungwa kwa mengine. Hatuoni mfano ulio karibu zaidi na vitanda vyetu.

Karema ileile iliwahi kuwa na mtu wa kutufundisha hapa. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomeshwa udaktari Malta, alifika kando ya ziwa mwaka 1889 akiwa daktari na katekista. Hakuondoka. Alitibu watu wa pale mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1956. Dawa zake zilikuja pamoja na mtu aliyebaki kuona zimefanya nini. Chandarua kimefika Karema bila Atiman wake, na kuwalaumu wavuvi hakutaziba pengo hilo.

Halafu kuna mbu mwenyewe, ambaye hasomi falsafa lakini hakai bure. Katika sehemu nyingi za nchi amezoea dawa za jamii ya permethrini. Utafiti uliofanyika Muleba mkoani Kagera na kuchapishwa mwaka 2018 ulionesha kuwa vyandarua vilivyoongezwa kemikali ya kuvunja ukinzani wa mbu vilipunguza malaria kwa watoto kuliko vya kawaida. Ule wa Misungwi mkoani Mwanza, uliochapishwa mwaka 2022, ulionesha hivyo kwa vyandarua vyenye dawa mbili, ya pili ikiitwa klofenapiri. Watanzania wenzetu walitegemewa na dunia nzima katika kazi hiyo, na parokiani hatuisikii ikitajwa. Kwa hiyo vyandarua havifanani, ingawa vyote ni vyeupe au vya bluu na vyote tunaviita neti.

Tunapendekeza basi jambo la jumuiya, si la jukwaani. Jumuiya ndogo ndogo zinakutana kila wiki nyumbani kwa mtu. Baada ya Injili, zamu moja kwa mwezi, wanajumuiya waulizane: nyumba hii wanalala watu wangapi, kuna vyandarua vingapi, kipi kimetoboka. Sindano na uzi viwepo palepale. Aliyepewa kipya asome lebo kwa sauti, jina la dawa lisikike, na kama hajui maana yake katibu aliandike ili mmoja aulize zahanati. Anayefua akumbushwe sabuni ya kawaida, bila jiki, na kuanika kivulini, maana jua kali linaua dawa ndani ya uzi. Na jumuiya za Karema na Ikola, ambazo zina wavuvi ndani yake, zianze na swali la bei ya wavu.