Ukaguzi wa Boila Usiahirishwe Ovyo

Usiku wa kuamkia Mei 23, 2024, bomba la mvuke lilipasuka katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, mkoani Morogoro, na watu wasiopungua 11 wakapoteza maisha. Walikuwa kazini. Msiba huo haufai kugeuzwa kuwa fimbo ya kumpigia mtu yeyote, kwani kila ajali ina chanzo chake na vipo vyombo vilivyopewa kazi ya kukitafuta. Lakini unamkumbusha kila mwenye dhamana kwamba mvuke uliofungiwa ndani ya chuma hausamehe uzembe, na kwamba sahihi inayowekwa ofisini juu ya karatasi za boila inahusu roho za watu.

Miongoni mwa karatasi hizo iko moja inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi, nayo ni maombi ya kurefusha muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine. Maombi hayo si dhambi. Boila haikaguliwi ndani huku inachemka. Sharti izimwe, ipoe, imwagwe maji na kufunguliwa, na kwa siku hizo kila kazi inayoitegemea husimama. Kiwanda cha sukari kilicho katikati ya msimu huona miwa iliyokwisha katwa ikipoteza sukari yake. Hospitali hukosa mvuke wa kufulia mashuka na kutakasia vifaa vya upasuaji. Shule ya bweni inayopikia mvuke hulazimika kurudi kwenye kuni. Meneja anayeomba miezi michache zaidi mara nyingi ana sababu ya kweli, na ofisa anayepokea barua yake hana haki ya kumwona mhalifu.

Hata hivyo, sababu ya kuomba si sababu ya kukubaliwa. Hasara ya kuzima boila inaeleza kwa nini mwenye mtambo anataka muda zaidi. Haielezi hata kidogo kama chuma kitauhimili muda huo. Chuma hakijui msimu wa miwa, wala mwaka wa fedha wa Serikali.

Maji yenye chokaa huacha ukoko ndani ya boila, kama ule unaobaki katika birika la chai. Ukoko huo huzuia joto lisifike kwenye maji, na chuma hupata moto kupita kiasi kikalegea. Oksijeni iliyomo katika maji nayo hukila chuma kwa kutu, na bamba likapungua unene bila aliye nje kuona lolote. Mwalimu wa fizikia anaweza kuwaeleza wanafunzi wake yanayofuata. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida huhitaji nafasi ya lita zipatazo 1,600. Boila yenye shinikizo mara 10 ya lile la hewa hubeba maji ya joto la nyuzi 180 hivi. Ikipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na kuta za jengo haziwezi kuuzuia.

Dunia imejifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Machi 20, 1905, boila ya kiwanda cha viatu katika mji wa Brockton, jimbo la Massachusetts, Marekani, ililipuka na kuua watu 58. Ufa ulikuwa umejificha pale mabamba mawili ya chuma yalipopandana. Miaka miwili baadaye, mwaka 1907, ndipo jimbo hilo lilipotunga sheria ya kusimamia uendeshaji na ukaguzi wa boila. Kanuni hizo, kama nyingi za aina yake, zilitanguliwa na makaburi.

Uingereza nayo inatoa funzo la karibu zaidi na suala hili. Chini ya Sheria yake ya Viwanda ya mwaka 1961, boila zilipaswa kukaguliwa kwa vipindi vilivyopangwa. Kanuni za mwaka 1989, na baadaye zile za mwaka 2000, ziliacha vipindi hivyo vya jumla, zikataka kila mtambo uwe na utaratibu wake wa maandishi uliothibitishwa na mtaalamu. Kuahirisha ukaguzi kunaruhusiwa, lakini kwa masharti: kusilete hatari; mwenye mtambo na mtaalamu wakubaliane kwa maandishi; mamlaka iarifiwe kwa maandishi kabla ya tarehe kufika; na iwe mara moja tu kwa ukaguzi huo. Waliolegeza tarehe walikaza ushahidi. Hilo ndilo jambo la kuigwa.

Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, na usimamizi wa boila umo mikononi mwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Sheria ipo na chombo kipo. Kinachotakiwa ni kila anayehusika kuelewa kwamba muda wa ziada hutolewa na hali ya boila, wala si na uzito wa cheo cha mwombaji.

Kwa hiyo, anayeomba muda alete uthibitisho. Alete daftari la boila lililojazwa kila zamu, lisiwe limejazwa siku moja kwa kalamu moja. Alete vipimo vya maji, matokeo ya kupima unene wa chuma, na kumbukumbu za kujaribu vali za usalama na vioo vya kimo cha maji. Aonyeshe kwamba waendeshaji wake wamefundishwa na kwamba kasoro zilizoandikwa katika ukaguzi uliopita zimerekebishwa. Mkaguzi naye awe mtu asiyepata hasara wala faida kwa boila kuzimwa. Na kibali kikishatolewa, kifutwe mara boila inapofanyiwa matengenezo makubwa, inapobadilishiwa matumizi au inapoanza kuonyesha dalili mbaya.

Masharti haya yaanzie katika taasisi za umma zenyewe. Boila ya hospitali ya Serikali haiogopi Serikali. Mkuu wa taasisi anayesema kwamba ukaguzi umechelewa kwa sababu fungu la matengenezo halijaletwa ametaja tatizo la kweli, lakini hajapunguza hata chembe ya hatari inayomkabili mpishi au mfuaji anayefanya kazi kando ya mtambo huo. Ikiwa fedha hazipo, boila izimwe mpaka zipatikane, na aliyepaswa kuzitenga aulizwe. Mwalimu mkuu wa shule yenye boila jikoni asione haya kudai cheti cha ukaguzi, na akijua tarehe imepita asisubiri kuulizwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika boila, ufa usipozibwa huenda asibaki mtu wa kuujenga ukuta huo. Ofisa atakayeletewa kesho barua ya kuomba miezi sita zaidi aisome kwa heshima, kisha aulize swali moja: kuna ushahidi gani kwamba chuma hiki kitafika huko salama? Kama jibu halimo katika jalada, asitie sahihi.