Mlango wa Septemba: Wakati wa Kuomba Ubingwa wa Udaktari Marekani

Katika jamaa za askari na polisi wamo vijana waliosomea udaktari, wakiwa Makerere, Mbarara au Gulu, na wazazi waliojinyima mengi ili wafike hapo. Kijana akishahitimu, huzuka swali la ubingwa: ausomee hapa nyumbani, au ajaribu Marekani? Juma hili hatutaamua lipi lililo bora. Tutazungumza juu ya wakati wa kupeleka ombi, kwa sababu kuukosa wakati huo hugharimu mwaka mzima pamoja na fedha za nyumba.

Mafunzo ya ubingwa katika hospitali za Marekani, ambayo wenyewe huyaita residensi, kwa kawaida huanza mwanzoni mwa Julai. Maombi ya fani nyingi hupitia mfumo wa kompyuta uitwao ERAS, ingawa chache, kama magonjwa ya wanawake na uzazi tangu mwaka 2024, zina mlango wake zenyewe. Mwombaji huruhusiwa kupeleka ombi tangu mapema Septemba, lakini hospitali hufunguliwa maombi hayo siku moja katika juma la mwisho la mwezi huo. Mwaka 2024 siku hiyo ilikuwa 25 Septemba, na mwaka 2025 ilikuwa 24 Septemba.

Wengi hupotea njia hapa. Kijana huona kwamba mfumo ungali unapokea maombi mwezi wa Novemba au Desemba, akadhani kwamba hajachelewa. Lakini kupokelewa si kusomwa. Wakuu wa mafunzo huanza kusoma siku ile ile ya kwanza, na mialiko ya usaili huanza kutoka mara baada ya hapo. Idara yenye nafasi chache huweza kupata maombi mamia kwa maelfu. Ikishajaza siku zake za usaili, faili lililofika nyuma hubaki bila kufunguliwa, hata likiwa la kijana hodari. Ada yake, ambayo huongezeka kadiri idadi ya hospitali anazoomba inavyoongezeka, hairudishwi.

Hata hivyo, kuwahi si kukurupuka. Maombi yote yanayopelekwa kabla ya siku ya kufunguliwa huonekana kwa hospitali yakiwa na tarehe moja. Aliyetuma mapema Septemba hamtangulii aliyetuma siku chache kabla ya mlango kufunguliwa. Tena, ombi likishatumwa, sehemu yake kubwa haiwezi kusahihishwa. Basi majuma hayo yatumike kusoma kila mstari mara ya pili na ya tatu, na kumpa mwenzako asome pia.

Njia iliyo salama ni kuanzia Septemba na kuhesabu miezi kwa kurudi nyuma. Daktari aliyesoma nje ya Marekani anahitaji hati ya ECFMG, ambayo hudai mitihani ya Step 1 na Step 2 CK, mtihani wa Kiingereza cha kazi ya udaktari, na uthibitisho wa shahada kutoka chuo chake. Tangu Januari 2022 Step 1 haitolewi alama, ila kufaulu au kushindwa tu. Kwa hiyo alama za Step 2 CK ndizo zinazotazamwa zaidi. Matokeo huweza kuchukua takriban mwezi mmoja. Anayetaka yawemo katika faili lake Septemba na afanye mtihani kabla ya Julai kwisha. Barua za mapendekezo hutumwa na madaktari walioziandika, nao ni watu wenye kazi nyingi. Waombwe tangu Mei au Juni. Na ofisi ya chuo ifuatwe mapema, kwa adabu na bila kuchoka.

Usaili ukiisha kazi haijaisha. Nafasi hugawanywa na shirika la NRMP, ambalo mpango wake ulianza mwaka 1952. Kujiandikisha huko ni jambo la pekee. Aliyemo ERAS hajaingia NRMP kwa hilo. Mwombaji na hospitali hupeleka orodha za uchaguzi wao mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na kufikia hapo mitihani inayotakiwa iwe imekwisha kufaulu. Jumatatu ya juma la tatu la Machi mtu huambiwa kama amepata nafasi; Ijumaa huambiwa wapi. Waliokosa huweza kuomba nafasi zilizobaki katika siku hizo hizo chache.

Mwenye kwenda kwa viza ya J-1 huhitaji pia barua ya wizara ya afya ya nchi yake, na akimaliza hutakiwa kurejea nyumbani kwa miaka 2. Jamaa ijue hilo mapema, ili isipange maisha juu ya matumaini mengine.

Je, Septemba ikifika na faili halijakamilika? Ushauri wetu ni mgumu: afadhali kungoja mwaka unaofuata kuliko kutumia akiba ya jamaa kwa ombi la Desemba. Lakini asikae bure. Hospitali nyingi hutazama miaka iliyopita tangu mtu ahitimu, nazo hupenda kuona kwamba yumo kazini akitibu wagonjwa.

Askari anajua kwamba aliyefika uwanjani baada ya gwaride kuanza hahesabiwi kuwa alikuwapo. Basi andika Septemba katika kalenda ya ukutani, na chini yake uandike Julai, Juni na Mei. Chelewa chelewa, wahenga walisema, utamkuta mwana si wako.