Mashine ya Akili Bandia na Kazi Zetu

Ndugu Wanachama,

Tunataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu wa karakana na wa njia ya reli tunadhani si letu. Jambo lenyewe ni mashine ya akili bandia, ile ambayo ukiiambia neno moja tu inaandika barua, inajibu maswali, inafasiri lugha na kuchora picha. Ya kwanza kujulikana na watu wengi ni ChatGPT, iliyotolewa Marekani tarehe 30 Novemba 2022. Tangu siku hiyo zimekuwa nyingi, na zimo hata katika simu zetu.

Wako ndugu wanaocheka. Husema, "Hiyo ni shida ya makarani. Mashine ya kuandika haiwezi kukaza bolti wala kubadilisha mataruma." Maneno hayo ni kweli nusu, na kweli ya nusu humdanganya mtu kuliko uongo.

Zamani mashine ilimjia mtu wa mkono. Katika reli yetu injini za mvuke zilitaka dereva, na mtu wa kuchunga moto, na watu wengi wa kusafisha na kutengeneza. Injini za dizeli zilipochukua nafasi yake, mpaka kufika mwisho wa miaka ya 1970, kazi ya mchunga moto ilikwisha. Katika mashamba ya chai mashine za kuchuma zimechukua kazi ya mikono mingi, na mwezi wa Mei 2023 huko Kericho watu wenye hasira walizichoma. Hasira ile tunaielewa. Lakini mashine ikichomwa, tajiri hununua nyingine.

Sisi wazazi tulipoona hayo tuliwaambia watoto, "Soma, upate kazi ya kalamu." Watu waliuza ng'ombe na kukopa katika ushirika ili mtoto apate cheti cha ukarani au cha uhasibu. Sasa mashine hii mpya haikuanza na nyundo. Imeanza na kalamu. Shirika la Kazi Duniani lilichunguza habari hii mwaka 2023, likaona kwamba kazi ya ukarani ndiyo inayoguswa kuliko zote, na kwa sababu hiyo wanawake wataguswa zaidi kuliko wanaume. Lakini lilisema pia kwamba kazi nyingi zitabadilika, hazitakwisha kabisa. Basi tusitiane hofu bure. Swali ni hili: zikibadilika, nani atakayekaa mezani kuamua zibadilike namna gani?

Tazameni waandishi wa sinema na televisheni wa Marekani. Waligoma tangu tarehe 2 Mei mpaka 27 Septemba 2023, siku 148. Hawakudai mashine zivunjwe. Walidai mapatano, wakayapata: maandishi ya mashine hayatahesabiwa kuwa kazi ya mwandishi ili kumpunguzia malipo au jina lake, mwandishi hatalazimishwa kuitumia mashine, na kampuni ikimpa mwandishi maneno yaliyotungwa na mashine lazima imwambie.

Tena mtu asifikiri kwamba mashine hii ilishuka kutoka mbinguni. Ilifundishwa na watu, na baadhi yao ni vijana wa hapa hapa Nairobi, waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maneno machafu na ya kutisha ili mashine ijifunze kuyaepuka. Siku ya Wafanyakazi, 1 Mei 2023, zaidi ya watu 150 wa kazi hizo na za kuchuja habari za mitandao walikutana Nairobi, wakapiga kura kuunda chama chao. Kama wao waliona haja ya chama, sisi wenye chama tayari tutalala?

Sasa turudi kwetu. Mtu wa karakana ataguswa vipi? Zamu zake hupangwa ofisini. Barua ya kumwonya huandikwa ofisini. Jina lake la kupandishwa cheo hutoka ofisini. Siku karani atakapoondolewa na mashine kuwekwa mahali pake, utakwenda kumwuliza nani? Utaambiwa, "Mashine ndiyo imesema," na mashine haina sahihi wala haitokei mbele ya kamati.

Sheria iko. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema kazi ikipunguzwa, tajiri apeleke habari kwa chama na kwa ofisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja mbele, na amlipe mtu si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliofanya kazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo kubwa linalomhusu. Lakini mlango uko, maana mtu mwenyewe akikubali, haki hiyo hulegea. Basi usitie sahihi karatasi ya namna hiyo kabla ya kuionyesha kwa mwakilishi wako.

Sheria hizo ni njema, lakini zinatulinda tukiwa tumekwisha kuanguka. Sisi tunataka mambo manne yaandikwe katika mapatano yajayo:

1. Tajiri akitaka kuleta mashine ya akili bandia, akieleze chama kwanza, na ataje kazi zitakazoguswa.

2. Mwenye kazi hiyo afundishwe kazi mpya katika saa za kazi, kwa gharama ya tajiri, kabla ya neno la kupunguzwa kutajwa.

3. Kila barua ya adhabu itiwe sahihi na mtu mwenye jina, awezaye kuulizwa.

4. Mashine ikileta faida, tupate fungu letu katika mshahara au katika saa.

Watasema tunapinga maendeleo. Hapana. Hakuna anayetaka kurudi kwenye joto la injini ya mvuke. Tunalokataa ni maendeleo yanayolipwa kwa mkate wa mtu mmoja na kuliwa na mwingine.

Januari 1947 Mombasa yote ilisimama. Watu wa gati, wa reli, wa hoteli na hata watumishi wa majumbani waligoma pamoja, wala hawakuulizana nani ana mikono michafu. Basi katika mkutano ujao wa tawi, kila mtu wa karakana aje na karani mmoja asiye mwanachama bado. Tukimwacha leo, kesho hatakuwapo ofisini wa kutusemea.

Umoja ni nguvu.

Sisi wenzenu wa karakana.