Kamanda, nunua daftari kabla ya laptopu

Naandika hii nikiwa likizo, nyumbani Singida Mjini. Wiki iliyopita baba aliniita barazani, mdogo wangu amekaa pembeni kainamisha kichwa. Dogo kapata chuo, anaanza mwaka wa kwanza, na kamwambia mzee kwamba bila laptopu hawezi kusoma. Stoo kuna magunia ya alizeti ambayo mzee alikuwa anasubiri bei ipande. Akaniuliza, "Mama, wewe ndiye uliyeko huko. Niuze sasa hivi, au huyu ananidanganya?"

Nikamjibu, "Hakudanganyi baba, ila usiuze. Asubiri kidogo."

Dogo alininunia siku mbili. "Dada, mbona wewe unayo?" Ni kweli ninayo, na ndiyo maana naandika.

Mwaka wa kwanza niliingia darasani na laptopu ya mtumba, nikawa nachapa kila neno la mhadhiri, hadi utani wake. Kipindi kikiisha nina kurasa nane, najiona jembe. Watu wananiomba madesa, nayatupia kwenye grupu. Mtihani wa sheria ya mikataba ulipofika nikakuta kila kitu kipo kwenye mashine, kichwani hamna kitu. Nikala sapu. Na sapu ile simsingizii mtu, ilikuwa yangu mwenyewe.

Muhula uliofuata betri ikafa, mfukoni hakuna hela, nikarudi kwenye kaunta buku. Mwanzoni niliona aibu. Halafu nikaona mabadiliko. Mkono hauwezi kumkimbiza mtu anayeongea, kwa hiyo kila dakika lazima uamue: hili naandika, hili naliacha. Na sisi sheria tunafundishwa kwa Kiingereza. Nilipokuwa nachapa, Kiingereza kiliingia sikioni kikatokea vidoleni bila kupita kichwani. Nikiwa na kalamu nalazimika kujiuliza, huyu anasema nini hasa? Kisha naandika kwa Kiswahili changu: "Makubaliano ambayo upande mmoja hautoi chochote ni batili, ila yapo machache yanayopona." Sentensi hiyo naikumbuka mpaka leo. Zile kurasa nane hata sijui ziko wapi.

Msilione hilo la Kiswahili kuwa dogo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Mama wa Mandewa akija kwako na kesi yake ya kiwanja hatakuuliza kwa Kiingereza cha mhadhiri. Atataka umweleze aelewe, na ukishindwa kumweleza maana yake hata wewe hukuelewa.

Tuje kwenye ushahidi, maana najua humu kuna wabishi. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti kutoka Marekani. Wanafunzi wa laptopu waliandika maneno mengi zaidi, mengi yakiwa ya kunakili neno kwa neno, lakini kwenye maswali ya kuelewa walizidiwa na wenye kalamu. Utafiti huo ulivuma sana. Kuna watafiti wengine walirudia jaribio, na matokeo yao ya 2021 yalionyesha kwamba hilo la kunakili ni kweli, ila tofauti ya maana kwenye alama hawakuiona. Kwa hiyo siwaambii kwamba kalamu ina uchawi. Kinachokusaidia ni kuchagua cha kuandika. Kalamu inakulazimisha uchague, kibodi inakuruhusu ukwepe.

Sasa kwa nini niandike haya huku na siyo kwenye grupu la darasa? Kwa sababu kazi tunayoidai, ya kumbana mtu kwa maneno yake mwenyewe, inaanza na kusikiliza na kuandika.

Angalia mahakama zetu. Kwa miaka mingi mwenendo wa kesi umekuwa ukiandikwa kwa mkono wa hakimu mwenyewe. Mifumo ya kurekodi sauti inaingia, ila haijafika kila mahali. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi uandikwe, hakimu asaini, na shahidi ajulishwe haki yake ya kusomewa alichosema. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima kwa sababu tu hakimu hakusaini mwisho wa ushahidi wa shahidi. Hiyo ndiyo thamani ya maandishi. Na wewe uliyekaa upande wa pili usipokuwa na maandishi yako mwenyewe, utajuaje kilichosemwa asubuhi na kilichobadilishwa jioni?

Juni 2025 Mwenyekiti wetu Tundu Lissu, mtoto wa Ikungi hapa hapa Singida, aliiambia mahakama kwamba atajitetea mwenyewe kwenye kesi ya uhaini. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Kisutu ikazuia matangazo ya moja kwa moja ya kesi hiyo. Siku kamera inapozimwa, anayebaki na kumbukumbu ni aliyekuwemo ndani na akasikiliza vizuri. Vijana wangapi kati yetu wanaweza kukaa saa tatu, wakatoka na kurasa mbili zinazoeleza nani kasema nini? Tuseme ukweli, wengi wetu tunasubiri klipu.

Halafu kuna 29 Oktoba 2025. Siku ya uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa hivyo siku kadhaa. Nondo zangu zote nilizochapa nilikuwa nimezihifadhi mtandaoni, sikuweza kufungua hata ukurasa mmoja. Kaunta buku lilikuwa mezani, likiwa na vumbi la Singida juu yake, na lilifunguka.

Ila nisieleweke vibaya. Sisifii umaskini. Mwanasheria wa leo asiyejua kuchapa hafiki mbali, maana mashauri yanafunguliwa kwa mtandao na hukumu zinasomwa mtandaoni. Kuna wenzetu wenye ulemavu wa mkono au wa macho ambao kwao kompyuta ndiyo kalamu, na wanastahili kuipata bila kubembeleza mtu. Na ukitaka kutafuta jina la kesi moja kwenye nondo za miaka mitatu, laptopu inalipata kabla hujafunua ukurasa wa kwanza. Mimi mwenyewe jioni nachapa muhtasari wa nilichoandika kwa mkono mchana, na hapo ndipo naijua mada.

Tatizo langu ni kuwaambia vijana wachague wakati wengi hawana cha kuchagua. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 boom ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Laptopu ya mtumba niliyoulizia hapa mjini ni 450,000. Hiyo ni siku 45 bila kula wala kulala. Kwa hiyo tunapodai elimu bora, tudai na hivi: vyumba vya kompyuta vinavyofanya kazi, soketi kwenye kumbi za mihadhara, na mkopo ufike kwa wakati. Lakini wakati tunadai, asijitokeze mtu akamfanya mtoto wa mkulima aone kwamba amechelewa kabla hajaanza, eti kwa sababu kaja na daftari.

Turudi kwa dogo. Siku ya tatu nilimpa kaunta buku nikamwambia, sikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku, andika. Alijaza kurasa tatu. Nikamfungia daftari nikamuuliza, "Wamesema nini?" Akakwama kwenye habari ya pili. Usiku uliofuata aliandika nusu ukurasa, akanieleza habari tano, na moja akaongeza kwamba waziri hakujibu swali aliloulizwa. Baba alikuwa anasikiliza kutoka kwenye kiti chake. Hakusema kitu, alipunguza tu sauti ya redio.

Alizeti bado iko stoo. Tumekubaliana muhula wa pili, bei ikikaa vizuri, tutaongea habari ya laptopu. Na wewe kamanda, jaribu leo usiku: redio, kalamu, nusu ukurasa. Halafu funga daftari uone umebaki na nini.