KIKOSI NA. 30 NA MAGUNIA YAKE

Mkulima hupima mavuno yake kwa gunia, na kwa kipimo hicho hicho habari za Kikosi Na. 30 cha Jeshi la Anga la Uingereza hueleweka upesi kuliko kwa hesabu ya mapigano. Gunia linalosemwa hapa ni lile la mahindi la ratili 200, yaani kama kilo 90.

Kikosi hiki kilianzia Misri katika siku za mwanzo za Vita ya 1914-18, na mwaka 1915 kikawa kazini Mesopotamia, nchi iitwayo sasa Iraki. Mwezi wa Desemba mwaka huo Waturuki walilizingira jeshi la Jenerali Townshend katika mji wa Kut, penye pindo la mto Tigris. Majeshi yaliyotumwa kuwaokoa yalishindwa kupenya. Hata Aprili 1916 chakula kilikuwa karibu kwisha, na askari wanachinja farasi. Ndipo ndege zikaamriwa kupeleka chakula, jambo ambalo halijapata kufanywa kwa jeshi lililozingirwa.

Ndege zenyewe zilikuwa za mbao na kitambaa. Kwa muda wa wiki mbili ziliruka mara 140 hivi, pamoja na ndege za Jeshi la Majini, zikaangusha ratili 19,000. Hata jiwe la kusagia unga liliteremshwa kwa mwavuli. Lakini ratili 19,000 ni magunia 95 tu, na waliozingirwa walikuwa askari na watumishi wapatao 13,000, bila kuhesabu wenyeji wa mji. Tukigawa, kila mmoja hapati hata ratili moja na nusu kwa wiki mbili nzima, tena mizigo mingine ilianguka mtoni au katika mahandaki ya Waturuki. Si haki kuwalaumu marubani. Ndege moja ilichukua kwa wastani mzigo usiofika gunia zima. Tarehe 29 Aprili Kut ikasalimu amri, na maelfu ya askari wale wakafa kifungoni.

Baadaye kikosi kilipewa kazi nyingine, na katika Vita Kuu ya Pili kikapigana Ugiriki, Ceylon na Burma. Mwaka 1947 kikarudishwa kwenye uchukuzi kwa ndege za Dakota. Mwaka uliofuata Warusi walipofunga barabara, reli na mifereji ya kwenda Berlin ya Magharibi, kikosi kilikuwa miongoni mwa vile vilivyowapelekea raia zaidi ya milioni mbili unga na makaa. Safari hii njaa haikushinda. Mei 1949 njia zikafunguliwa.

Mwaka 1959 kikosi kilihamia Eastleigh, Nairobi, kikiwa na ndege za Beverley. Wakazi wa mji waliozizoea hawakuzisahau: zilikuwa kubwa na nene, zenye injini nne na magurudumu yasiyokunjwa, wala hazikuwa na mwendo wa kujivunia. Lakini zilitua katika viwanja vifupi vya udongo, na mlango wake wa nyuma uliweza kuondolewa ili mizigo iangushwe ndege ikiruka. Mwaka 1961 ukame ulipofuatwa na mafuriko katika Kenya, na barabara zikakatika, Beverley zilitumiwa kuwapelekea wenye njaa chakula. Nafaka ikiangushwa bila mwavuli hutiwa katika gunia lisilojazwa sana, nalo likavikwa gunia jingine kubwa zaidi; la ndani likipasuka, la nje huzuia punje zisitawanyike.

Beverley iliweza kubeba ratili 44,000 hivi, nayo ni magunia 220, ingawa safari ndefu zilipunguza mzigo. Ndege moja, kwa safari moja, ilichukua zaidi ya mara mbili ya vyote vilivyofika Kut.

Mwaka 1964 kikosi kilihamia Bahrain, na uwanja wa Eastleigh ukabaki mikononi mwa Jeshi la Anga la Kenya, lililoanzishwa mwaka huo huo.