Shule zinunue lenzi yenye mwanga, si yenye majigambo

Ununuzi wa kamera katika shule na vyuo vyetu umejaa pupa. Kamati huketi, fedha za chama cha uanahabari hukusanywa shilingi kwa shilingi, kisha mtu mmoja hutumwa Nairobi akalete kamera "yenye nguvu". Naye hurudi na sanduku lililoandikwa idadi ya megapikseli kwa tarakimu kubwa, na vifijo hupigwa. Lenzi iliyomo sandukuni hakuna aliyeiulizia habari. Kwa maoni yangu mambo haya yamepinduliwa kichwa chini miguu juu. Mwili wa kamera hupitwa na wakati baada ya miaka michache, ilhali lenzi njema yaweza kuhamishwa kutoka mwili mmoja hadi mwingine, na huko ndiko fedha zetu haba zapasa kuelekezwa.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si mpiga picha wa harusi. Yaliyoniingiza katika mjadala huu ni kazi ya nyanjani. Wanafunzi wetu huenda vijijini kurekodi masimulizi, na masimulizi, kama ajuavyo kila aliyelelewa na nyanya, aghalabu hutambwa jioni, kazi zikisha kukamilika, ndani ya nyumba yenye balbu moja au koroboi. Msimulizi husema kwa ulimi na kwa mikono pia. Anapoonyesha jinsi fisi alivyonyemelea, mkono ule ni sehemu ya usemi, nasi twauchunguza kama tunavyochunguza kiimbo. Mwanafunzi akirudi na picha mia mbili ambamo mikono imeyeyuka kama moshi, amerudi na nusu ya usemi. Bibi yule hawezi kuombwa atambe upya kwa moyo uleule, na huenda mwakani asiwepo. Walimu wanaopeleka vijana katika tamasha za drama wanaijua shida hii: jukwaa lina giza, waigizaji hawatulii, na onyesho halirudiwi kwa ajili ya mwenye kamera.

Tuanze basi kwa kuisoma lenzi yenyewe. Ile iliyokuwa ikiuzwa pamoja na nyingi za kamera za SLR za kidijitali za bei nafuu, ziwe za Canon au za Nikon, huandikwa 18-55mm, kisha 1:3.5-5.6. Maandishi haya ni sentensi, na kama sentensi yoyote yana sarufi yake. Tarakimu za kwanza zaeleza upana wa kuona: kwenye 18 lenzi huona darasa zima, kwenye 55 huvuta uso wa mtu mmoja. Hizo wanunuzi huzisoma. Tarakimu za pili, ambazo hazisomwi, zaeleza ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga, na hapo kadiri tarakimu inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Lenzi hii ikivutwa hadi mwisho, tundu lake haliwezi kuzidi 5.6.

Mwalimu wa hesabu na atusaidie. Kipenyo cha tundu hupatikana kwa kugawanya milimita za lenzi kwa tarakimu hiyo. Milimita 50 kwa 5.6 ni takriban milimita 9, na milimita 50 kwa 2.8 ni takriban 18. Tundu lenye kipenyo maradufu lina eneo mara nne, kwa hiyo hupitisha mwanga mara nne. Pale ambapo lenzi ya kwanza yahitaji sehemu moja ya 15 ya sekunde ili picha isiwe giza, ya pili huridhika na sehemu moja ya 60. Katika muda ule wa kwanza mkono wa msimulizi umekwisha kusafiri, katika huu wa pili una matumaini ya kunaswa. Yawezekana pia kuongeza ISO ndani ya kamera, lakini itabidi ipandishwe mara nne, tuseme kutoka 1600 hadi 6400, na katika kamera kuukuu picha itajaa chengachenga.

Wauzaji watajibu kwamba lenzi za siku hizi zina kituliza mtikisiko, kile kinachoandikwa IS kwa Canon na VR kwa Nikon. Ni chombo kizuri, sikikatai. Ila hutuliza mkono wa mpiga picha. Mkono wa anayepigwa picha hakiuwezi.

Ushauri wangu, basi, ni lenzi ya 17-50mm yenye tundu la 2.8 toka mwanzo hadi mwisho, nayo inunuliwe mtumba. Tamron walitoa yao mwaka 2006, na Sigma wakafuata mwaka 2010 na yao yenye kituliza mtikisiko. Canon walitoa 17-55mm ya namna hiyohiyo mwaka 2006, lakini ilipokuwa mpya bei yake ilizidi maradufu ile ya Tamron, na kwa chama cha wanafunzi tofauti hiyo haina maana. Kati ya mbili za kwanza, kwa picha tupu mimi ningechukua Tamron isiyo na kituliza: ni nyepesi, yapata gramu 430, na picha zake ni kali. Kasoro yake ni kelele. Mota yake hukoroma inapolenga, na iwapo kamera hiyohiyo itarekodi video, mkoromo huo utaingia katikati ya hadithi. Mwenye nia ya video heri aongeze fedha kidogo achukue ile ya Sigma, iliyo nzito zaidi lakini yenye kunong'ona.

Mtego wa kwanza ni lenzi za zamani za filamu, mathalani 28-80mm, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Kihisi cha mwanga katika kamera hizi nafuu ni kidogo kuliko fremu ya filamu, hivyo kwenye Nikon 28 huona kama 42. Ukiwa chumbani kikundi hakitaenea pichani. Mtego wa pili ni 18-200mm au 18-300mm. Hizo ndizo za majigambo, kwa kuwa huvuta mbali na kumfurahisha kila anayezishika, lakini zikivutwa tundu lake husinyaa hadi 5.6 au 6.3, na ukumbini hazifai. Badala ya kuvuta kutoka kiti cha nyuma, mwanafunzi na aombe ruhusa ya kukaa mbele.

Kwa wenye Nikon kuna jambo jingine linalotesa wengi. Miili ya D3000 na D5000 pamoja na warithi wake haina mota ya kulenga, kwa hiyo lenzi sharti iwe na yake. Tamron ya mwanzo ya Nikon haikuwa nayo, ya baadaye inayo, na kwa sura zafanana mno.

Ipo pia lenzi ya 50mm yenye tundu la 1.8, isiyovuta, ambayo ni rahisi kuliko zote nilizozipendekeza na hupitisha mwanga zaidi. Ni kishawishi cha haki. Lakini katika kamera hizi huona kama 75 au 80, na ndani ya chumba kidogo mgongo wa mpiga picha utagonga ukuta kabla msimulizi na wasikilizaji wake hawajaenea. Iwe ya pili, isiwe ya kwanza.

Atatokea wa kuniuliza kwa nini tuhangaike na SLR ilhali dunia inahamia kamera zisizo na kioo. Swali ni la busara. Tangu mwaka 2018, Canon walipoleta EOS R na Nikon wakaleta Z, wenye fedha wamekuwa wakihama na kuziacha lenzi zao nyuma. Kuhama kwao kumejaza soko la mitumba, na shule isiyo na fedha haina sababu ya kusikitika. Na iwapo chama chenu hupiga picha za riadha na za siku ya wazazi tu, jua likiwa utosini, 18-55mm mliyo nayo yatosha kabisa. Msinunue chochote.

Anayetumwa kununua asiende mikono mitupu. Achukue kamera ya shule na tochi. Aiweke lenzi kwenye kamera, afungue tundu hadi 2.8, apige gazeti lililobandikwa ukutani katika pembe yenye giza ya duka, kisha akuze picha kiooni aone kama herufi za pembeni zinasomeka. Halafu aitoe lenzi, amulike tochi upande mmoja na achungulie upande wa pili. Akiona nyuzinyuzi mithili ya utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo husitawi penye unyevu; lenzi iliyokaa Mombasa au Lamu bila kutunzwa ichunguzwe mara mbili. Airudishe kwa adabu aombe nyingine. Akipata safi, aihifadhi katika mkebe unaofunga barabara pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ambavyo sote tumezoea kuvitupa.