Spika za Kusikilizia Enanga

Mnunuzi wa spika, awe Bukoba au Muleba, huvutwa kwanza na wingi wa wati. Kipimo hicho hakitoshi. Wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo.

Jambo la maana zaidi ni uaminifu wa sauti. Sikio la kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Spika inayotukuza besi hufunika sauti za kati, ambamo mna maneno ya mwimbaji na mlio wa nyuzi za enanga. Katika tendi za Kihaya, hasara hiyo ni kubwa: mdundo husalia, kisa hupotea.

Aidha, spika iliyosukumwa kwenye pembe ya chumba huzidisha besi. Yafaa isogezwe mbali na kuta, nazo spika mbili na msikilizaji zifanye pembetatu ya pande sawa.

Hapana budi shule zimwalike mpigaji enanga darasani, wanafunzi wamsikilize, kisha wamlinganishe na rekodi. Sikio lisilojua sauti halisi haliwezi kuihukumu spika.